Jino na Mwanya

Jumanne jioni, chini ya uwanja wa barafu, Moose Jaw.
Ngazi kumi na nne. Juu yetu wazee wanasukuma mawe yao
na dari inanguruma kama tumbo la aliyefunga.
Orysia Hnatiuk, miaka sabini na mbili, mkono mmoja mfukoni,
ananiuliza swali lake la wiki ya sita:
Umeona nini?

Nimeona doa jeusi, nasema. Nimeliona vizuri,
mpaka namba nane iliyochapwa pembeni.
Basi umekosa, anasema, karatasi haijaletwa bado.
Na kweli: tundu liko chini, kushoto,
kama mgeni aliyefika harusini akaketi jikoni.

Mimi ni dereva wa basi la shule.
Miaka tisa jicho langu linalipwa kutazama mbali:
kulungu anayetaka kuvuka,
mtoto wa kina Pelletier anayekimbia, kiatu kimoja mkononi.
Anayetazama usukani hafiki.
Sasa bibi huyu anataka nitazame chuma
kilicho umbali wa mkono wangu mwenyewe,
na doa liyeyuke, liwe wino uliomwagikiwa maji.

Jino la mbele, mwanya wa nyuma:
majina hayo nimeyatia mimi.
Kwetu mwanya ni urembo. Hapa ni dirisha,
na jino lisimame katikati,
mwanga sawa kulia, mwanga sawa kushoto,
kichwa kisipite ukingo.
Jicho halikai nyumba mbili.
Mshika mawili, moja humponyoka;
niache lipi liponyoke?
Lile ninalolitaka.
Hilo limenichukua kipupwe kizima.

Halafu kidole.
Mwili wote unaweza kuwa na adabu
kidole kikabaki mhuni.
Kinavizia jino lipite katikati, kisha, sasa!, kinakurupuka,
na mkono unainama kukisalimia.
Mkono utatetemeka, anasema Orysia. Wewe ni nyama, si meza.
Vuta ndani ya mtetemo.
Unafungaje breki juu ya barafu?
Taratibu, nasema, bila kuamua basi lisimame lini.
Ananitazama.
Basi.

Nyumbani, bila risasi. Ukuta mweupe,
sarafu ya senti kumi juu ya mtutu.
Kidole kinaingia. Sarafu inaanguka nyuma ya hita.
Nyingine. Nyingine.
Kule nyuma sasa kuna dola mbili na senti arobaini
na sijainama kuziokota.
Mama anapiga simu saa hizo hizo: Utakuja lini?
(Doa lingine, la mbali, nalijua kila mstari.)
Mama, subiri kidogo,
nina sarafu hapa, haijaanguka.

Regina, Machi. Risasi sitini.
Ya arobaini na moja nilinyanyua mkono,
jino likacheza, pumzi ikazeeka kifuani,
kidole kikaanza kunong'ona.
Nikashusha.
Hakuna anayepigiwa makofi kwa kushusha.
Nyuma ya mstari Orysia alitoa mkono mfukoni,
akaurudisha.
Nikanyanyua tena. Jino lilikuwa na kingo,
na mkwaruzo mdogo juu ambao sikuwahi kuuona.
Nilikuwa nautazama huo mkwaruzo
bastola ilipokohoa.
Tisa, nikasema kimoyomoyo, kulia kidogo.
Ndipo nikageukia kioo: tisa, kulia kidogo.

Nilikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne.

Kurudi, kilomita sabini, Orysia amelala mdomo wazi.
Kwenye kioo cha mbele kuna alama ya kokoto,
labda iko pale tangu mwaka juzi.
Nikaitazama pumzi moja,
ndogo, safi, ina miguu mitano,
na tambarare yote nyuma yake ikawa maziwa.
Halafu nikarudisha jicho barabarani,
maana kulungu hawajui habari hizi.