Mara ya Hamsini

Kidato cha kwanza, Chake, Mwalimu Shaame alitusomea imla.
Niliandika KIMIA.
Akaja na wino mwekundu, akalizungushia duara neno langu
kama mtu aliyemwona nge juu ya mkeka.
"Ni E. Kemia. Andika mara hamsini."

Nikaandika mara arubaini na tisa.
Ya hamsini niliiacha ilivyo,
maana kwetu kimia kilikuwa kitu cha kushikika:
kitambaa cha matundu matundu alichokuwa akishona mama
pembeni mwa shuka za harusi za watu,
na ule wavu wa mviringo wa mjomba Faki,
uliotundikwa ukutani tangu alipohamia Mombasa,
ukabaki unavua nzi.

Baba alikuwa mpishi wa makonyo.
Si karafuu. Karafuu ina mzani wake na bei yake.
Makonyo: vile vijiti vinavyobaki kiganjani
baada ya kuchambua.
Aliyashindilia kwenye pipa la kiwanda, akayapiga mvuke,
na huko mwisho wa bomba
yakadondoka mafuta ya ajabu, yasiyoelea,
yanayozama majini kama siri.

"Baba, hii ndiyo kemia?"
"Hii kazi. Kemia kaiulize shule."

Nimeiuliza sana tangu siku ile.
Wajuzi wenyewe hawajapatana.
Huyu asema neno ni la Misri, la nchi nyeusi,
la tope la mto likishapwa maji
(nikaona visigino vya mama akitoka bonde la mpunga).
Yule asema la, ni la Wayunani:
kumimina, kukamua, utomvu.
Waarabu wakalipokea, wakalivika "al" kama kilemba,
likatumwa kutafuta dhahabu ndani ya shaba,
miaka mia kwa mia, likirudi mikono mitupu
ila vidole vimeungua na vimejua jambo.
Wazungu wakalivua kilemba,
wakalivalisha koti jeupe,
na hivyo ndivyo lilivyobisha hodi kwetu,
likijitambulisha upya
kwa watu waliokwisha kulisikia chuoni.

Juzi redioni mtangazaji kasema
washambuliaji wale wawili wana kemia.
Mama akacheka mpaka sindano ikamponyoka.
"Sisi tukisema damu zimepatana.
Yangu na ya baba yako hazikupatana, weye.
Mwaka mzima. Zilipikwa."
Akaitafuta sindano kwa kiganja, sakafuni, taratibu.
Hakuniambia moto ulikuwa nini.

Siku tulipomwosha baba
tulitia kafuri katika maji ya mwisho, kama ada.
Kafuri ikashindwa.
Miaka thelathini ya makonyo
ilikuwa imeingia chini ya kucha, ndani ya mikunjo ya shingo,
na maji yaliyotiririka kwenda shimoni yalinuka kiwanda.
Hamad, ndugu yangu, akageuza uso.
Mimi nilivuta pumzi kwa nguvu, kama mwizi.

Mwalimu Shaame alikuja mazikoni na bakora yake,
sasa ya kutembelea.
Alinipa mkono, akaubakisha mkono wangu ndani ya wake,
akauinua kidogo, akanusa.
Hakusema neno.
Nami nilitaka kumwambia, pale penye watu,
kwamba ile mara ya hamsini
bado anidai.