Nizime Taa?

Mwenye nyumba, Mzee Onzima, alizungumza na kaka yangu
juu ya kichwa changu, kama watu wanaonunua kabati:
"Na huyu, nani atawajibika naye?"
Kaka akanitazama.
Nikasema, "Mimi. Kodi ya miezi mitatu imo kwenye simu.
Naomba tu kizingiti hicho ukivunje,
gurudumu halijui kuruka."

Akanyamaza. Kisha akaleta nyundo.

Ndivyo nilivyopata chumba hapa Oli, mjini Arua,
bati moja na fundi cherehani asiyejua kulala.
Ufunguo nauvaa shingoni kwa uzi mwekundu.
Siwezi kuuzungusha. Vidole vyangu vililala
nikiwa na miaka sita, havijaamka.
Lakini atakaye kuuzungusha huniomba kwanza.

Kule kituoni nilikaa miaka kumi na minne.
Sikupigwa, sikulala njaa, nisiseme uongo.
Tulioga Jumatano na Jumamosi,
tulikula wali wakija wageni,
na saa tatu usiku mkono fulani ukutani
ulizima taa, tuwe tumemaliza kuongea au hatujamaliza.
Miaka kumi na minne nilikuwa katikati ya sentensi.

Sasa Driwaru huja saa kumi na mbili na nusu.
Namlipa kwa mwezi, hanihurumii bure.
Mikono ni yake, kazi ni yangu:
namwambia gauni lipi, maji moto kiasi gani,
karanga zitwangwe tena, chumvi basi.
Siku ya kwanza nilimwelekeza maharage mpaka yakaungua.
Tukayala meusi hivyo hivyo, tunacheka.
Sikuwahi kuunguza kitu maishani mwangu.

Kalamu naishika kwa meno.
Waendesha boda huniletea daftari lao la akiba:
nani kaweka, nani kakopa, nani anakimbia deni.
Adriko alidhani mwenye kiti cha magurudumu atamwonea huruma.
Nikamwandikia faini. Akanuna wiki nzima,
halafu, uchaguzi ulipofika, akaninyoshea mkono niendelee.

Mama alikuja na godoro, akasema anapita tu.
Alipita siku kumi na moja, akingoja nishindwe.

Na nilishindwa, ila yeye alikuwa ameshaondoka.
Usiku wa mvua, mto Enyau umefunika daraja,
Driwaru hakufika. Simu ikaniponyoka kinywani.
Nilikaa kitini mpaka alfajiri,
mkojo umenipoa mapajani,
mbu wakila bila hodi.
Niliita. Fundi alidhani ni redio.
Nililia pia. Asije mtu akaniandika shujaa.

Asubuhi fundi aliniokotea simu, na mama yuko hewani:
"Ayikoru, mwanangu, umeona? Rudi nyumbani."

Niliona. Sikurudi.
Nikamtafuta Letaru, awe wa pili, anakaa ng'ambo hii ya mto.
Tukatoboa tundu ukutani, tukapitisha kamba:
upande wangu naivuta kwa meno,
upande wa fundi inapiga sufuria kuukuu.
Mama huita haya kujitenga.
Mimi sijawahi kuwa na watu wengi hivi.

Usiku, akishanigeuza ubavu wa kulia,
Driwaru husimama mlangoni, kidole kwenye swichi.
"Nizime taa?"

Najifanya nafikiri.
Cherehani inakimbia ng'ambo ya ukuta,
mjusi yuko palepale alipokuwa jana.
Hakuna cha kufikiria, ila swali lenyewe ni tamu,
naliacha liyeyuke ulimini kama sukari guru.

"Bado," nasema.
Driwaru anapiga miayo, anaegemea mlango.
"Bado kidogo."