Ua la Mafiga

Kabati la tatu, droo ya chini kabisa,
ile inayogoma mpaka uisukume kwa goti,
ndimo alimo. Karatasi imeiva manjano
kama kanzu iliyosahauliwa sandukuni.
Wete, masika, unyevu unapenya hata kwenye mihuri.

Mimi Mize wa Shaame, mtunza mimea mikavu,
kazi yangu vidonge vya nondo na brashi laini.
Wetu nnawajua: mkilua, mtonga, mrehani mwitu,
nnawajua hata wakifa.
Huyu simjui.

Majani matatu. Petali tatu.
Chini ya petali, vijani vitatu vingine.
Weupe wake umekuwa rangi ya chai ya maziwa.
Lebo ina mwandiko wa kulala: Amerika, kaskazini,
ukingo wa mto, Mei, kivulini,
mchumaji Bi Alma; na kwa penseli,
herufi ndogo kama sisimizi:
huchanua akitimiza miaka saba.

Saba!
Akilala na theluji, akiamka, akilala tena,
na siku aliyojipamba
akakutana na Bi Alma na kijembe chake.
Kang'olewa na mzizi,
kabanwa baina ya magazeti yenye bei za ngano.

Nimemnusa. Upuuzi, najua.
Vumbi na naftalini.
Bibi yangu akitunga kikuba cha kilua na asumini
alikuwa akisema: ua lisilonukia
ni jani lenye majivuno.

Lakini daftari la mabadilishano linasema
siku aliyokuja huyu, mkilua wetu ulikwenda:
tawi moja, Mtambwe, maua mawili.
Kwa hiyo huko nako iko droo.
Huko nako yupo mtu, pengine ana mafua,
anaitafuna "Mtambwe" kwa shida,
anainamisha pua, anakuta vumbi,
na hapana wa kumwambia
kwamba maua mawili yale
yangeamsha nyumba nzima.

Kwenye lebo, pa jina la kienyeji, pako wazi.
Kweli, si mwenyeji.
Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
na huyu ana miaka sitini humu ndani
hajapewa hata jina la kuitwa.
Nikatazama tena ile tatu, tatu, tatu,
nikaandika: ua la mafiga.
Kwa penseli. Mkuu akikataa, afute.

Nikairudisha droo. Ikagoma.
Nikaisukuma kwa goti.