Waya Mpya

Saa nne na robo usiku, Kutaisi.
Gocha yuko milimani, Mestia,
anakaza nyaya za piano ya shule
walimozaa panya baridi nzima.
Nilimwandikia saa moja. Tiki moja tu, ya kijivu.

Naujua mwili wangu: kwanza vidole baridi,
kisha tumbo, kama kitambaa kinachokamuliwa,
kisha ile hesabu:
ametumbukia korongoni; la, amenichoka; la,
yupo mwalimu wa muziki, mwenye shingo ndefu.
Nimeshamzika, nimeshadai talaka, nimeshamlilia,
naye huenda anamenya viazi.

Nilikuwa na miaka sita
mama alipopanda basi la Thesaloniki
kwenda kuogesha bibi wa watu.
"Nitarudi kabla komamanga halijaiva."
Liliiva. Likapasuka mtini, nyigu wakalila.
Likaiva mara kumi na moja.
Kila mwezi sanduku: chokoleti, soksi,
na viatu, daima vya kubana,
maana alimnunulia mtoto aliyemwacha.

Basi nikajifunza kulinda mlango.
Nilipopata mume nikamlinda yeye.
"Unanipenda?" asubuhi. "Unanipenda?" chai ikipoa.
Akajibu, akajibu,
nami nikayateka majibu yake kwa tenga.

Mwaka jana aliniambia, bila hasira,
akifuta ufunguo wake wa chuma:
"Waya mpya hausimami, Lamara.
Unaukaza leo, kesho umelegea.
Si mbovu. Haujazoea tu kuvutwa.
Unarudi, unaukaza. Unarudi tena."
Nilidhani anazungumzia piano.
Labda alikuwa anazungumzia piano.

Usiku huu sikupiga simu mara tisa.
Nilipiga mara mbili.
Nisidanganye: mara tatu.
Kisha nikaifukia simu kwenye pipa la unga,
nikaketi ukingoni mwa kitanda
kando ya yule wa miaka sita,
nikamvua kiatu, taratibu, kisigino kwanza.
Sikumwambia mama yu njiani.
Nilimwambia: mimi siendi popote.
Hakuamini.
Nikamwambia tena.

Karibu saa sita kitu kikanguruma ndani ya unga.
Nilikuwa na pazia la mteja mapajani;
nikasema nitamaliza pindo kwanza.
Nilimaliza nusu.

"Mtandao ulikatika. La ya juu bado inanigomea.
Nitarudi Ijumaa."

Ni Jumanne.
Komamanga la uani bado kijani, gumu kama ngumi.
Nililitazama kidogo
nikazima taa nikalala,
si fofofo, ila nililala,
mikono myeupe hadi viwikoni.