Uhusika wa Kuita

Kwenye daftari la makontena la mwaka uliopita,
alilolitoa ofisini Kilindini likitaka kuchomwa,
kakangu Shekuwe alikuwa akitunga lugha.
Haikuwa ya mtu. Haikuwa na kabila wala mtaa.
Kila nomino ilivaa mkia, na mikia ilikuwa minane:
wa mtenda, wa mtendwa, wa mwenye mali, wa mpewa,
wa chombo, wa mahali, wa kutokea,
na wa mwisho wa kuita.

Nikamcheka. Sisi tuna -ni moja tu, nikamwambia:
sokoni naenda, sokoni nipo, sokoni natoka,
na hakuna aliyepotea Makupa kwa kukosa mkia.
Hakunijibu. Alichonga penseli kwa wembe.

Mwaka wa tatu sauti zikaanza kulika.
Alizila mwenyewe, kwa makusudi;
lugha isiyochakaa, alisema, ni ya uongo.
Wa kutokea ukamezwa na wa mwenye mali,
basi "wa Kibokoni" na "kutoka Kibokoni"
yakawa neno moja.
Hapo sikucheka.
Wa chombo akaupa kazi ya sababu:
kukatwa kwa kisu, kufa kwa homa,
kama "kwa" yetu ibebavyo yote bila kulalama.

Wa kuita ndio uliomkosesha usingizi.
Nani humwita kontena?
Siku ya tisa mfereji mkavu,
mitungi imejipanga ukutani midomo wazi,
akaandika: "Kuanzia leo mkia huu
ni wa kile kisichokuwepo."

Akaujaribu kwa sauti, kwa jina lililo karibu,
la mama, Mishi,
mkia wa nane: Misho!

"Labeka!" ikatoka jikoni.
Mama akaja mbio, unga hadi viwikoni,
akidhani ameitwa na mtu mzima wake.
"Nani aniita?"
Tukatazamana. Shekuwe akafunika ukurasa kwa kiganja,
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Baadaye nililifungua lile daftari.
Kanuni hakuifuta. Ameiongezea kwa wino:
"Isipokuwa akiitika."

Chini yake ameandika jina la baba,
aliyekwenda Jeda mimi nikiwa tumboni,
kwa mkia uleule,
kisha akaruka mstari mmoja
kabla ya kuendelea na vitenzi.