Puuza Msuguano

Swali la saba linakuhusu, baba, anasema Ndeshi.
Kitabu ni cha Kiingereza; ananitafsiria
kalamu akiwa ameichomeka kwenye nywele:
Mkokoteni pamoja na mzigo, kilo mia mbili na hamsini.
Mtu anauvuta kwa kani ya nyutoni mia tatu.
Tafuta mchapuko. Puuza msuguano.

Nipuuze nini?

Msuguano, baba. Jifanye haupo.

Nikavitazama viganja vyangu.

Kani, ananieleza, ni kusukuma au kuvuta.
Mimi kani niliyoijua ni ya mama yangu,
mjane, baba zangu wadogo walipotaka kuuza kihamba.
Walikuja na karatasi, wakaja na pombe, wakaja na mchungaji.
Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakusimama.
Ameshika kani huyu, wakasema, wakaondoka,
na migomba ipo mpaka leo.
Ndeshi anasema hiyo siyo.
Sawa.

Halafu nani ananisogeza mimi?
Miguu yako.
La, mama. Kakanyage tope la Aprili hapa Njoro,
miguu ni ile ile, uji ulioshiba ni ule ule,
unapiga mwendo na uko palepale.
Mimi naisukuma ardhi irudi nyuma
nayo inakataa.
Inapokataa ndipo napata hatua moja.
Ishirini na mbili, miaka, nakula kwa kukataliwa na lami.
Akafunua kurasa mbele, akasoma kimya, akanitazama:
Hiyo ni kanuni ya tatu. Hatujafika.

Mji huu umeinama, wajua.
Mlima umeukalia upande mmoja kama mtu mnene kwenye benchi,
ila hapa upande aliokalia mnene ndio uliopanda.
Kutoka Stesheni kwenda Kiborloni na mifuko mitano ya saruji
dunia nzima iko nyuma yako inakushika shati.
Mwamba ngoma huvutia kwake.
Na kurudi na mzigo ni kubaya zaidi:
unajining'iniza kwenye mikono ya mkokoteni, visigino hewani,
lile tairi bovu la nyuma linaburuzwa, linanuka,
na ndilo linalokurudisha nyumbani kwa watoto.

La Kilewo liliisha siku ya soko.
Alisema ataweka jingine kesho.
Tulimwona anapita juu ya Mnara wa Saa, mdomo wazi,
anakimbia kama anayefukuzwa na mali yake mwenyewe.
Mkokoteni uligonga ukingo wa barabara, ukasimama.
Vitunguu havikusimama.
Vilikwenda, gunia kwa gunia, kisha kimoja kimoja,
vikivuka barabara bila haraka,
na watoto wa shule wakavifuata.
Kilewo tulimpeleka Mawenzi, paja mara mbili.
Ndeshi hakuandika lolote. Kisha polepole:
Hiyo ya kwanza tulishasoma. Hawakutaja vitunguu.

Jibu, baba: moja nukta mbili.
Mita kwa sekunde, kwa sekunde.
Mbona sekunde umeitaja mara mbili?
Kwa sababu kila sekunde inayopita kasi inaongezeka.
Inaongezeka!
Kwa hesabu yao, nikitoka Stesheni adhana ikilia
nafika Kiborloni muadhini hajashuka,
tena nafika kama risasi, navunja ukuta wa duka la Shao.
Mimi huondoka saa kumi na moja
na jua hunikuta njiani, limeshachoka kuniangalia.
Tumecheka mpaka mama yake akagonga ukuta.

Lakini jibu ni hilo?
Ni hilo. Nitapata vema.

Basi andika.

Nikatoka nje na kopo la grisi.
Ekseli ilikuwa inalia tangu Jumanne.
Nikapaka kulia, nikapaka kushoto,
nikazungusha gurudumu kwa kidole: likazunguka, likazunguka,
halina sauti, gizani, kama lisingesimama kamwe.
Likasimama.

Lile tairi la nyuma sikuligusa.