Maswali ya Kibandani

Kibanda chetu ni mabati manne na benchi,
hatua thelathini kabla ya lango la mpaka.
Huku Nepali, kule India,
katikati riksho za baiskeli, ng'ombe, magunia ya vitunguu,
na wasichana.

Kazi yangu ni kutazama viatu.
Kandambili mpya, bei ingali imebandikwa ubavuni,
kwenye miguu iliyopasuka kwa kulima viazi vya mlimani:
hapo nanyanyua mkono, riksho inasimama.

Siulizi, "Unaenda wapi?"
Jibu la hilo wameshakaririshwa.
Nauliza: Mama mkwe wako anaitwa nani?
Nauliza: Siku ya harusi mlikula nini?
Nauliza: Mumeo akilala, hukoroma?
Na mwanamume aliye pembeni hucheka,
"Dada, tutaachwa na treni."
Treni. Kila mara wana haraka ya treni.

Jana alikuwa Suntali, miaka kumi na mitano,
jina ambalo kwetu ni la chungwa.
Ndoa yake ina siku nne.
Cheti kimo kwenye simu ya bwana,
simu imo mfukoni mwa bwana,
na kitambulisho, "ameniwekea, kisipotee."
Nikamuuliza, mama yako anajua?
Akatazama kandambili zake.

Mimi niliulizwa mara moja tu, hapahapa,
na askari aliyekuwa akimenya karanga.
"Nani huyu?"
Nikasema, "Shangazi."
Akaendelea kumenya.

Kikulacho ki nguoni mwako:
changu kilinisuka nywele, kikanipaka mafuta.

Kilichofuata sikiandiki.
Waandishi huja na kamera, wataka kujua
vyumba vilikuwa vingapi, milango ilifungwa vipi.
Nawaambia: andikeni kuhusu karanga.
Andikeni kwamba niliporudi, baada ya miaka sita,
nilipewa chai kwenye kikombe cha peke yangu,
kikaoshwa kando, kwa majivu.
Kwamba mdogo wangu aliozwa mbali asije akasemwa.
Kwamba shangazi bado anauza bangili sokoni
na hunisalimia.

Mkono wa Suntali ulikuwa baridi, na jua lile la mwezi wa tano!
Bwana alisema anakwenda kununua tambuu.
Hakurudi. Ndivyo wanavyoacha wake zao,
bila talaka.

Lakini nilipokuwa nimeushika mkono huo
riksho mbili zilipita mgongoni pangu.
Niliona pazia zikipepea.
Nyuso sikuziona.
Ninalo daftari la waliorudishwa,
majina mia mbili na kumi na moja, kwa kalamu ya bluu.
La waliopita sijui ningelinunua la kurasa ngapi.

Suntali anakula wali kwenye benchi.
Ameniuliza kama kandambili ni zake
au inabidi azirudishe.
Zako, nimemwambia. Zivae.
Njia ya kwenu ina mawe.